Daftari la Masniah

Masniah anapima mto kwa mizani ya samaki.

Kilo mbili za chupa, nusu kilo ya vifuniko,
kandambili moja ya kushoto:
hiyo haina bei, ila anaiweka kando,
maana huenda ya kulia iko njiani.

Hapa Banjarmasin maji hupanda alfajiri
yakibeba walivyotupa jana majirani wa juu,
kisha hushuka, yakituachia chini ya sakafu
sahani, nepi, mifuko iliyofura kama vyura.
Tulizoea. Tulisema: mto hauvimbiwi.

Yeye akafungua benki barazani.
Leta taka, uandikiwe. Wino wa bluu, mhuri wa kiazi.
Wanywa kahawa walicheka hadi wakapaliwa.

Leo Syahrani, aliyecheka kuliko wote,
kaja na mtumbwi uliojaa pomoni.
"Niandikie," anasema, bila kumtazama.
Mwanawe anadaiwa karo.

Masniah analamba kidole, anafunua ukurasa,
analiandika jina lake polepole,
kwa herufi kubwa kuliko za wengine.

Na chini ya sakafu, mara ya kwanza mwaka huu,
nasikia maji, maji matupu,
yakigonga nguzo.