Kucha za Julai

Rangi nyekundu, nusu chupa, mia tano,
toka kwa Ndeshi aliyefunga saluni.
Nyeupe ni ile ya kufutia makosa daftarini.
Brashi: njiti ya kiberiti, ncha nimeitafuna.

Soweto, Moshi. Baridi inang'ata, rangi haikauki,
tunapuliza kama wapoza uji.

Nachora buni mbivu, mbilimbili,
kwenye vidole vya mama
vilivyozichuma tangu hajaolewa.
Dole gumba nalivika Kibo,
theluji kidogo,
mkono, tafadhali, usitetemeke.

Kidole cha mwisho hakina kucha.
Mashine ya kumenyea kahawa iliichukua
mwaka ule nisiouliza.
Nasita, njiti hewani.

"Hapo," anasema, "pametanda wingu.
Julai mlima hauonekani.
Haya, lete mkono wako."