Daftari la Wapigakura, Kata ya Tatu

Tumeyatoa magari ya zimamoto nje, kwenye baridi ya Novemba,
tukapanga meza pale yalipolala.
Sakafuni pana doa la oili, mfano wa bara lisilo na jina.
Mimi nashika herufi A mpaka K.
Verna Hruska ana L mpaka Z, na kikohozi.

Saa kumi na mbili na nusu tunafungua mlango.
Wa kwanza, kama kawaida, Marvin Teague na mguu wake wa chuma.
Ule wa nyama aliuacha katika vita vilivyobadilishwa jina mara mbili
na bado havijapata sababu.
Hupiga kura kama mtu anayelipa deni la mtu mwingine:
kimya, kamili, bila kudai risiti.

Daraja la Mtaa wa Pili limefungwa, huu mwaka wa nne.
Basi la shule linazunguka maili kumi na moja.
Fedha hakuna, wametuandikia, kwa karatasi nzuri.
Lakini kiwandani wamerudisha zamu ya usiku.
Vyama viwili vinavyogombania hata rangi ya mbingu
hilo walilipitisha kabla chai haijapoa.

Nisijitoe. Miaka thelathini na moja
nilisimama mbele ya tanuri lile, nikala, nikasomesha.
Tunatengeneza maganda tu ya makombora.
Baruti hutiwa kwingine, jimbo jingine.
Ndivyo tulivyokuwa tukiambiana
tukinawa mikono.

Asiyekuwapo na lake halipo.
Mto wetu una jina la Kishawnee, na timu ya shule vilevile.
Wenyewe waliondolewa kwa amri iliyopigwa mhuri,
wakaenda magharibi na watoto mgongoni,
sisi tukabaki na maneno yao
kama mpangaji aliyekuta vyombo ndani ya nyumba
na hakuuliza.

Saa nne watu wamepungua. Verna anakohoa, anafuma soksi.
Nafunua ukurasa wa H, sina ninachotafuta,
na ndipo namwona amesimama mbele yangu,
mwanamke wa nchi ile ambayo hata waziri wetu huikosea kuitamka.
Vumbi la saruji kwenye nyusi. Kiatu kimoja.
Nasema, kwa sauti ya kazi: Jina?
Analitaja. Halimo.
Nasema: Mama, hii ni kata ya tatu, Ohio.
Anasema: Najua. Mnachokiamua hapa huteremkia kwangu.
Nasema: Kitambulisho?
Anafungua kitambaa, anaweka mezani kipande cha chuma
kikali kama meno, bado kina masizi,
na ubavuni, wazi kabisa, nambari ya toleo
na ile herufi ndogo iliyopinda mkia
tuliyokuwa tukiigonga sisi, zamu ya usiku.
Anwani, anasema, ni ya hapa.

Sheria naijua kwa moyo. Nimekula kiapo.
Asiyeandikishwa hapewi karatasi.
Kuna fomu ya manjano ya wenye utata,
ninayo droo nzima,
na mkono wangu haukuigusa.

Kisha alikuwa Joyce Haverkamp, amembeba mjukuu,
anataka kibandiko cha "Nimepiga Kura" ampe mtoto.
Nikampa viwili.

Jioni tukahesabu: mia nne na kumi na mbili.
Verna alihesabu upya, akapata idadi ileile,
akatia sahihi. Nami nikatia.
Tukayarudisha magari ndani, taratibu, kinyumenyume,
yale makubwa mekundu tuliyoyanunua kwa kuchangishana
maana hapa nyumba ya jirani ikiwaka
hatuulizi alimchagua nani.

Hilo nalisema kwa fahari. Ni kweli.
Nililifikiria njia nzima,
maili kumi na moja za kulizunguka daraja.