Lumbesa

Isyonje, Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye matairi.
Mama anashona gunia la viazi kwa kamba ya manila,
na juu ya mdomo, pale gunia lilipoishia,
anapanga viazi vingine, ishirini, thelathini,
anavifunga wavu kama kilemba.
Mnunuzi hulipa gunia.
Kilemba huenda bure.

"Na wewe, Tusubilege, huko chuoni unapima nini?"

Napima pia, mama.
Ndogo, hazionekani, zimepangwa mstari mmoja.
Kila moja inaelekea juu,
na inaelekea chini pia.
Hapo lugha imenirahisishia kazi.

Nikiukata mstari katikati
nusu ya kushoto inaidai nusu ya kulia.
Deni hilo lina kipimo, nilikipata mwaka wa kwanza,
nikadhani nimemaliza.
Kumbe zipo pia zinazodaiana hadi shingoni
na bado kompyuta hii ya mkopo, iliyong'oka herufi M,
inazibeba zote bila kutoa jasho.
Deni peke yake si mali.
Kuna kitu kingine, juu ya mdomo wa gunia.

Wenye fani wamekiita uchawi.
Neno hilo silitamki uani kwetu;
mwaka juzi lilimhamisha jirani na mbuzi wake wawili.
Namwambia mama: ziada.

Kuipima ziada ya pia kumi
naiuliza kila pia maswali manne
(la nne ni kunyamaza)
kisha nayachanganya yote: milioni moja,
elfu arobaini na nane, mia tano sabini na sita.
Majibu yakijikusanya mahali pachache,
gunia ni la kawaida, mtoto anabeba.
Yakitawanyika kama ulezi uliomwagwa sakafuni,
hapo ndipo feni ya kompyuta inapoanza kulia.
Ongeza pia moja, jumla inazidishwa kwa nne.
Pia ishirini, mama, ningezeekea hapa.

Usiku naongeza sumaku ya ubavuni, nukta kwa nukta.
Mwanzo pia zote zinatii, zinatazama upande mmoja.
Mwisho kila moja inaifuata sumaku, haina habari na jirani.
Katikati, mahali pembamba,
ziada inapanda, inapanda,
kama bondeni saa kumi na moja alfajiri
umande ukiwa bado haujaamua kuwa barafu.
Niliutazama mchoro ule hadi chai ikaota ngozi.

Mama hana haja na mchoro.
Amekata kamba kwa meno, ametema uzi:
"Ukishaipima hiyo ziada,
nani anailipa?"

Kwenye tasnifu yangu hakuna sura hiyo.
Lori linarudi nyuma, utingo anapiga bodi kwa kiganja.
Nashika pembe ya gunia.
Zito kuliko gunia.