Chumba Namba Tisa

Nimelipa laki mbili na nusu, taslimu,
noti zinazonuka mabondo,
na kijana wa mapokezi akazihesabu kwa ncha za vidole
kama mtu anayechambua miba.
Nikamwambia: hesabu tu, mwanangu,
pesa haina shombo ikishafika benki.

Ufunguo ni wa shaba, mzito kama jiwe la mizani,
lile la robo tatu ambalo pale Mwaloni tuliliita kilo.
Ngazi za mninga zinamlilia kila anayepanda.
Ukutani, meli iliyokufa kabla sijazaliwa
bado inatoa moshi ndani ya kioo,
na waheshimiwa wenye kofia wamepanga foleni gatini.
Hakuna hata mmoja anayenitazama.

Miaka kumi na mmoja nilikuja hapa kila alfajiri,
lakini kwa nyuma, kwa lango la makaa,
ndoo kichwani, sato sita bado wakipiga mikia,
na Eladius mpishi akifungua nusu ya mlango,
akiwatazama samaki machoni, mimi mikononi.
Sikuwahi kujua jengo hili lina uso.

Hicho ndicho nilichokuja kukinunua.

Bafuni kuna hodhi jeupe la chuma
lenye miguu ya simba, kucha na zote.
Nimekaa humo mpaka vidole vikakunjamana
kama dagaa wa siku tatu juani.
Sabuni mbili nimezimaliza. Ya tatu nimeitia mkobani,
ni yangu, imo ndani ya laki mbili na nusu.
Maji yakaondoka na rangi ya chai,
yakashuka bombani, na ninajua yaendako.
Mji huu, kila kinachomwagika kinarudi ziwani.

Jioni wakanipa meza ya dirishani.
Miamba ilikuwa imekaa majini kama mafahali waliogoma kutoka,
na juu ya mmoja wao korongo, mabega juu,
karani wa kodi anayesubiri ofisi ifunguliwe.
Meli ya Bukoba ikapiga honi, vijiko vikatetemeka.
Mhudumu wa glavu nyeupe, Pastori, jina lake kifuani,
akainua kifuniko cha fedha:
sato mzima, ndimu mdomoni,
na jicho.

Kusoma nilifundishwa na masista.
Jicho nilifundishwa na mama.
Jicho la leo limevimba, linang'aa, linakuona.
La jana linakukumbuka.
Hili lilikuwa limezama, limepauka kama kifungo cha shati:
samaki wa Jumatatu, na leo Alhamisi.

Ningeweza kuita. Ningeweza kusimama, mikono kiunoni,
nikawatoa wote jikoni kwa sauti ya sokoni.
Badala yake nikala, upande wa mgongo, ambao huchelewa kuharibika,
nikawa nawaza ni nani siku hizi
anayegonga lango la makaa,
na kama naye ameshajua kuyaficha mashavu yaliyofifia
kwa kuyapaka damu ya samaki mwingine,
kama nilivyofanya mimi,
mara moja,
wiki ya karo.

Usiku kitanda kilikuwa laini mno, kikataka kunimeza.
Nikashuka, nikalala sakafuni, sikio kwenye ubao,
nikalisikia ziwa likilamba mawe huko chini,
maneno yaleyale ya Kirumba,
hayakupanda bei.

Asubuhi wakaniletea daftari la wageni,
jalada la ngozi, majina tangu enzi za wale wenye kofia.
Limejaa pazuri sana, limejaa amani tele, tutarudi.
Nikaikamata kalamu kama kisu cha kuparia magamba,
nikaandika polepole, herufi za masista:

Maji ya moto ni mazuri.
Samaki alikuwa wa Jumatatu.
Msimfukuze aliyemleta.
Mwambieni aje Mwaloni, aulizie Nyamizi.
Barafu ninayo.
Nitamkopesha.