Kamba ya Mursali

Kambi ya farasi ilidumu miezi saba.
Nimeitafuta masijala ya ardhi, ghorofa ya kwanza, kisha ya tatu.
Karani akalamba kidole, akafunua, akafunga:
"Hapa hapajawahi kuwa na kitu, mama. Ni nyasi."

Nyasi. Sawa.
Lakini babu ya mama yangu, Mursali Farajala,
alikuwa saisi pale ukingoni mwa Mbagathi,
Nairobi ikiwa bado mabati na tope na reli mbichi.
Hakujua kalamu, alijua kamba.
Farasi walipoteremshwa stesheni, macho meupe kwa hofu ya behewa,
alipiga fundo moja kwa kila kichwa.
Arobaini na moja.

Wakubwa walitaka mpaka ulindwe kwa kwato.
Mpaka gani? Hata twiga hawakuujua.
Walijenga mazizi kabla ya choo,
wakapaka chokaa mawe ya njia
ili njia ijue ni ya Serikali.
Kila asubuhi tarumbeta, kila asubuhi farasi malishoni,
umande ukiwa bado mzito.

Noosaen, muuza maziwa kutoka upande wa Ngong,
aliweka kibuyu chini, akatazama.
"Mwambie bwana wako, nyasi hizi hulala na ugonjwa.
Angoje jua lizikaushe."
Mursali alimwambia sajini, sajini akamwambia luteni,
luteni akauliza maziwa ni bei gani.

Masika yakashuka.
Wa kwanza alikuwa jike la kijivu, mtafuna vifungo vya makoti.
Asubuhi alikula. Adhuhuri macho yalivimba.
Magharibi povu lilimtoka puani, jeupe, jingi,
kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.
Akafa amesimama, kisha akaanguka.

Mursali akafungua fundo.
Fundo lililolowa halimtii kidole;
alitumia meno.
Siku nyingine alifungua matatu. Siku moja, tisa.
Fisi wa Mbagathi walinenepa hadi wakaacha kucheka.

Mwezi wa sita palibaki kikosi cha wapanda farasi
wanaokwenda kwa miguu,
miiba ya buti ikikwaruza yale mawe ya chokaa,
tandiko begani kama mtoto aliyelala.
Tarumbeta haikukosa hata asubuhi moja.

Mwezi wa saba ikaja karatasi.
Mabati yakauzwa mjini. Farasi wanne
wakatembezwa kwenda kuvuta pipa la maji.
Mursali akaambiwa: asante, nenda.
Aende wapi? Jeshi lilimtoa Nili akiwa kijana,
na Nili haikumngoja.
Akasimika kibanda hatua mia mbili kutoka zizini.
Ndipo tulipo, sisi tusio na hati.

Leo pale pana ghorofa tisa na lango la umeme.
Walipochimba msingi, mlinzi aliniwekea chuma cha kwato,
kimeliwa na kutu, chembamba kama mwezi mchanga.
Sikukipeleka masijala. Watasema ni chuma.

Kamba ninayo. Mafundo manne.
Naianikia nguo uani,
na upepo wa Julai ukija kutoka Athi
mashati yote huteleza hadi mwisho,
isipokuwa yale yaliyoshikwa na fundo.