Fundo

Mfuko ulifika Jumanne, umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ndani mizizi ya mpera, mchanga wa Petrolina ungali na unyevu,
na karatasi: "Adalgiso Quirino, ekari saba.
Nimetia mbolea. Nimetia maji. Miti inakauka imesimama.
Jirani wa juu ya mfereji nina fundo naye."

Naosha polepole; maji ya haraka
huondoka na ushahidi.
Mizizi inajitokeza, na si mizizi tena,
ni tasbihi iliyotungwa na mlevi,
kifundo juu ya kifundo, vingine vimeoza.

Utasema, mbona kunde nazo zina vinundu,
na ni neema?
Jaribu kwa ukucha. Cha neema hubanduka,
ndani chekundu kama nyama.
Hiki hakibanduki: ni mzizi wenyewe umevimba.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Huyu ameishona nguo.

Nampasulia nyumba chini ya darubini.
Jike. Mweupe, mnene, shingo nyembamba,
kibuyu cha maziwa kisichozidi punje ya chumvi.
Nakata nyuma yake, nasafisha, nalaza kwenye kioo:
mistari, kama ya dole gumba
la mtu asiyejua kusoma, kwenye hati ya mkopo.
Upinde uko juu, umeviringika.
Nadhani namjua. Lakini mistari hudanganya,
nangoja jeli hadi Alhamisi,
na vistari viwili vyeusi vinataja jina.

Nampigia. Ananyamaza, kisha anauliza
habari ya boldo ya mama yake,
ile ya kando ya karo, majani machungu ya chai ya tumbo.
Imedumaa, ina umanjano. Alidhani ni uzee.
Wa mama au wa mmea, hakusema.

"Mlinunua wapi mche?"
"Hatukununua. Tawi la shangazi.
Nililipanda mwenyewe, kwa udongo wa shambani. Udongo mzuri."
"Na jembe?"

Nikasikia mbwa wake, na bomba likidondosha.
Nikasikia mtu akifungua fundo
asijue sasa ampe nani.

Jumatatu ukaja mfuko mwingine:
mizizi ya boldo, imevimba vilevile,
na mapera mawili, mazima, yananukia,
bila maandishi.
Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu cha pili.