Herufi Ishirini na Mbili

Ami Mjaka alinadi samaki Wete miaka thelathini.
Changu, tasi, pono, kolekole wa kubebwa na wawili:
"Elfu sita! Sita na mia tano! Nani kaongeza?"
Hata viziwi, watu walisema, walinunua kwake.

Mwaka huu bei anaiandika kwa chaki
juu ya kibao cha skuli,
na kijana wa Jadida ndiye asomaye.

Mimi ni mtu wa maabara.
Kinyama kilichotoka kooni mwake
nilikigandisha katika nta mwenyewe,
nikakichana utando kwa utando
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikakisafirisha.

Karatasi iliyorudi haikusema saratani;
hilo tulikwisha kulijua.
Ilitaja kijiuzi cha RNA,
herufi ishirini na mbili tu.
Mjaka Khatib Hamad Shaame.
Hesabu: ni urefu huo huo.

Kijiuzi hicho hakijengi chochote.
Kazi yake kuulalia ujumbe wa mwingine
na kuuambia, basi.
Seli yataka kugawanyika tena? Basi.
Yataka kung'oka, ihamie tezi za shingo?
Kaa hapo hapo.
Ndicho kisemacho "imekwenda!" mnada ukafungwa.

Kwa ami kimepungua, karibu hakipo.
Na kipo kingine, cha ukoo huo huo,
kimefurika, kinawaziba vinywa walinzi.
Basi seli yapanda dau, jirani yake yapanda juu yake,
nani kaongeza, nani kaongeza,
usiku kucha, na hapana wa kufunga.

Nilimweleza haya jikoni kwake
huku Bi Mize akipepeta mchele asituangalie.
Akafuta kibao kwa kiwiko, akaandika:
*Kumbe aliyenyamaza ni mnyamazishaji.*
Ndiyo, ami.
*Dawa?*
Bado. Wanajaribu kukirudisha,
kwenye sahani za kioo, kwenye panya.
*Panya!*
Akacheka. Kicheko hakikutoka kinywani;
kitundu cha shingoni kilipiga mluzi,
na Bi Mize akauweka ungo chini.

Asubuhi nilipita sokoni, nimechelewa kazini.
Kijana kasoma elfu tisa pahala pa elfu saba,
wachuuzi wamewaka, kila mtu na bei yake,
kolekole yuko mezani anaanza kulegea.
Ami akanyanyua mkono,
akaipiga meza kofi moja.

Imekwenda.